Kinyago cha Kiangazi, Riziki ya Mwaka Mzima

Mkulima wa Newala wa mwaka 1900 hakujua ajira iitwayo uchongaji. Alijua mtama, muhogo na kunde, na alijua mwendo mrefu wa wanawake wanaoshuka bondeni kuteka maji, kwa kuwa uwanda wa juu wa Makonde haushiki maji: mvua hunyesha, mchanga huinywa yote. Mazao yakishaingia ghalani na nyasi zikianza kukauka, ndipo baadhi ya wanaume walipochukua tezo na kisu wakaenda kujitenga nje ya kijiji. Huko walichonga vinyago vya jando, vifuniko vya vikopo vya ugoro na dawa, vitana, vigoda na bakora. Mvua za kwanza zikianguka, tezo ilirudi kwenye paa na jembe likashikwa. Hakuna aliyeishi kwa kuchonga. Waliochonga walichonga kwa sababu mkono ulikuwa mwepesi na moyo ulipenda, na kwa sababu vijana wasingetoka jandoni bila kinyago kucheza.

Mwaka 1989 kazi ya John Fundi, Mmakonde mzaliwa wa Msumbiji aliyeishi na kuchonga Tanzania, ilisimama Paris katika maonyesho ya Magiciens de la Terre, pamoja na kazi za wasanii wa kila bara. Mwaka huohuo jumba la sanaa ya kisasa la Oxford, Uingereza, lilifungua milango yake kwa vinyago vya Kimakonde vya mkusanyo wa Malde. Kati ya gogo la kiangazi la Newala na ukumbi wa Paris kuna historia ya watu waliofanya jambo ambalo vijana wengi wa leo wanalitamani: kukipenda kitu, kukifanya vizuri, kisha kukigeuza kazi ya maisha. Ukiifuatilia historia hiyo unagundua kwamba mapenzi peke yake hayakutosha hata siku moja. Ilihitajika njaa, ukahitajika mto, akahitajika mnunuzi mwenye jicho, na baada ya hayo yote likahitajika jina.

Tuanzie kwenye simulizi la asili. Profesa Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipanda uwanda wa Makonde mwaka 1906, wakati makovu ya Vita vya Maji Maji yakiwa bado mabichi. Alisafiri na mashine ya kunasa sauti na kamera ya picha zinazotembea, vyombo ambavyo wakati huo bado vilikuwa vipya. Miongoni mwa aliyoyaandika ni kisa cha kiumbe aliyeishi porini peke yake, ambaye hakuwa binadamu kamili. Usiku mmoja alichonga sanamu ya mwanamke kutoka kwenye mti, akaisimamisha nje ya makao yake. Kulipokucha, sanamu ilikuwa hai. Wakaoana. Watoto wao wa kwanza walikufa karibu na mto, wakahamia juu zaidi, na kule juu, penye vichaka vizito, mtoto aliyezaliwa akaishi. Hivyo Wamakonde wana babu wa kwanza aliyekuwa mchongaji, na wanayo sababu ya kukaa mbali na maji. Ni wachache duniani walioweka ufundi mwanzoni kabisa mwa ukoo wao namna hiyo.

Weule alirudi Ujerumani na shehena ya vitu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1908 na kimesomwa na kutafsiriwa tangu hapo. Lakini ukipita kwenye makumbusho ya Ulaya yenye vinyago vya enzi hiyo, kibao cha maelezo kinakupa kabila, mahali, na jina la Mzungu aliyekichukua. Mchongaji hayumo. Kwa mkusanyaji, kilichonga kabila. Kijijini watu walijua vizuri sana ni mkono wa nani, na mchongaji hodari aliitwa hadi vijiji vya mbali kabla ya msimu wa jando.

Kinyago chenyewe hakikuwa pambo. Lipiko, ambalo kwa wingi huitwa mapiko, lilichongwa kwa mti mwepesi, kwani mchezaji alilivaa akiruka na kutetemeka kwa saa nyingi. Upande wa Msumbiji lilivaliwa kichwani kote mithili ya kofia ya chuma. Upande wa Newala na Mtwara lilikuwa la usoni zaidi. Fundi aliligandishia nywele halisi za binadamu. Kwa lipiko la mwanamke alilitoboa mdomo wa juu na kulichomekea ndonya, pambo la mdomoni. Chale za usoni mara nyingi hakuzichonga: alizibandika kwa nyuzi za nta ya nyuki, moja baada ya nyingine, mpaka uso ukawa wa mtu fulani. Mchezaji alifunikwa nguo kuanzia shingoni hadi nyayoni, akafungwa njuga, na wanawake na watoto walitakiwa kuamini kwamba huyo si mtu bali marehemu aliyerudi. Methali inasema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Hapo ndipo siri ya wanaume ilipolala: wao walijua kilivyochongwa.

Kazi ya msimu ingebaki ya msimu kama si Mreno. Uwanda wa Mueda, ng'ambo ya mto Ruvuma, ulikuwa miongoni mwa sehemu za mwisho kabisa za Msumbiji kutiwa mkononi na Wareno. Hawakuutawala kikamilifu mpaka mwaka 1917, vita vya kwanza vya dunia vikiwa vimewaleta askari na barabara. Baada ya hapo ikaja kodi ya kichwa na kazi ya lazima, na mwishoni mwa miaka ya 1930 ikaongezeka pamba ya lazima, zao ambalo mkulima aliamrishwa kulilima shambani mwake na kuliuza kwa bei ya kampuni. Ruvuma si mto wa kutisha wakati wa kiangazi. Karibu na mdomo wake, kuanzia Kilambo kwenda baharini Msimbati, unatawanyika katikati ya mikoko na visiwa vya mchanga, na mtumbwi unauvuka bila shida. Maelfu walivuka. Mashamba ya mkonge ya Lindi na Mikindani yalihitaji mikono, na Waingereza wa Tanganyika, pamoja na yote waliyoyafanya, walilipa ujira.

Wageni hao waliitwa Wamawia, jina ambalo wenyewe hawakulipenda. Walikuwa na chale za uso mzima na meno yaliyochongwa, na wenyeji waliwaogopa kidogo. Wengi walikuja na tezo ndani ya mzigo. Baada ya kazi ya mkonge, ambayo ilipimwa kwa vipande na mtu mwepesi aliweza kuimaliza mchana, waliketi chini ya mti na kuchonga. Wakati huo bado ilikuwa hamu ya mkono tu. Ila sasa palikuwa na watu wa kununua.

Wanunuzi wa kwanza walikuwa mapadre, wamisionari, maofisa wa wilaya na mabwana wa mashamba. Waanglikana walikuwapo Masasi tangu mwaka 1876. Wabenedikti walifungua Ndanda mwaka 1906. Kisha, mwaka 1947, Serikali ya Uingereza ikaanzisha mradi wake mkubwa wa karanga, na kusini ikapata neema ya ghafla: bandari ya kina kirefu ikaanza kujengwa Mtwara, mji mpya ukachorwa kwenye karatasi wenye barabara pana kuliko magari yaliyokuwapo, na reli ikalazwa kuelekea Nachingwea. Mradi ulikufa mwaka 1951. Mikindani, iliyokuwa bandari ya majahazi kwa karne nyingi na mahali alipoanzia Livingstone safari yake ya mwisho mwaka 1866, ikapoteza biashara yake kwa jirani huyo mpya, na reli yenyewe iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lakini kwa miaka hiyo michache kusini kulijaa Wazungu wenye mshahara waliotaka kitu cha kupeleka kwao.

Walichotaka kilikuwa chepesi kueleweka: mzee na mkongojo wake, mama na mtungi, wapagazi wanne na bwana kwenye machela. Wachongaji wenyewe waliuita mtindo huo binadamu. Ndio uliofundisha wengi mambo mawili yasiyokuwapo kijijini: kwamba kinyago kinaweza kuwa na bei, na kwamba mpingo, mti mgumu ambao zamani haukuwa na kazi kubwa kwenye vinyago vya ngoma, humfurahisha mgeni kuliko mti wowote. Mtu akatoka kwenye ugumu wa mkonge akaingia kwenye ugumu wa mpingo, na wa pili aliupenda zaidi.

Ugumu wa mpingo unafaa uonekane kwa karibu. Gogo bichi likitupwa majini linazama. Kwa nje lina tabaka jeupe linalooza na kutobolewa na wadudu. Ndani kuna kiini cheusi, wakati mwingine cha rangi ya zambarau iliyoiva. Fundi hukaa chini, akalibana gogo kwa nyayo zake mbili, akaanza na shoka kuondoa magome. Hachori. Hulizungusha gogo, akatazama lilipopinda, lilipo na fundo, ufa unaelekea wapi, na mara nyingi umbo la kinyago linaamuliwa na kasoro hizo. Kisha tezo, mapigo mafupi yasiyokosea, vipande vyeusi vikiruka kwenye magoti. Patasi huingia inapotakiwa kutoboa, na kwa kinyago cha uwazi kazi ya kutoboa huchukua muda kuliko kazi nyingine zote, kwa sababu gogo ni moja na hakuna gundi wala msumari utakaosahihisha kosa. Baada yake tupa, kisu, msasa wa ngazi tatu au nne. Mpingo wa kweli hauhitaji rangi. Ukisuguliwa vizuri na kupakwa nta kidogo, unang'aa wenyewe.

Katikati ya karne iliyopita wachongaji walianza kuelekea Dar es Salaam, kwani huko ndiko walikokuwa watalii, maduka na meli. Walikaa pembezoni mwa jiji kwa makundi, watu wa ukoo mmoja au kijiji kimoja, wakichonga chini ya mwembe mmoja. Ndipo akatokea Mohamed Peera, mwenye duka la vinyago, ambaye pengine hakujua kwamba anabadilisha historia ya sanaa. Peera aliwapa wachongaji magogo, aliwalipa vizuri, na jambo kubwa kuliko yote, hakuwaagiza wazee na mikongojo. Alinunua cha ajabu.

Aliyemletea cha ajabu ni Samaki Likankoa. Simulizi za namna shetani wa kwanza alivyozaliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 hazifanani. Ile inayopendwa zaidi inasema sanamu ya kawaida ilimvunjikia mkononi, naye badala ya kuitupa akaigeuza kiumbe kisicho na umbo la mtu, mfano wa majini ya porini ambayo kila mtoto wa Kimakonde alikuwa ameyasikia kwenye hadithi za bibi. Peera akakipenda, akataka vingine. Iwe ilivunjika au haikuvunjika, kilichotokea kinaeleweka: mtu aliyekuwa akichonga alichoagizwa akapewa nafasi ya kuchonga kilicho kichwani mwake, na soko likamfuata. Baada ya muda mfupi mashetani walikuwa wa kila namna, wenye jicho moja, wenye ulimi wa kuburuza, wenye titi mgongoni, wanaomeza mikia yao.

Karibu na wakati huohuo, Roberto Yakobo Sangwani, naye mvuka-Ruvuma, alichonga watu waliobebana. Wazo lake lilikuwa la mieleka: mshindi akibebwa juu na wenzake. Kazi hizo ziliitwa dimoongo. Azimio la Arusha lilipotangaza siasa ya ujamaa mwaka 1967, nguzo hizo za watu waliopandana, babu chini na watoto na wajukuu juu, zikaanza kuitwa ujamaa, na kwa jina hilo zikawa zawadi za serikali kwa wageni wakubwa na pambo la ofisi nyingi. Yakobo alikuwa amechonga mieleka. Siasa ikaona taifa. Si vibaya. Kazi nzuri ina nafasi ya kutosha kwa zaidi ya maana moja, na mafundi walipata oda.

Zachary Kingdon, mtafiti aliyeandika kwa undani juu ya wachongaji hao katika kitabu A Host of Devils cha mwaka 2002, anawachukua mmoja mmoja, kwa majina na kwa koo zao. Hilo linaonyesha jambo ambalo duka la vinyago hulificha: mitindo ina wenyewe. Shetani alikuwa wa Samaki kabla hajawa wa kila mtu. Dimoongo ilikuwa ya Yakobo. Aliyetaka kuuiga mtindo kwa heshima alikwenda kukaa chini ya mti wa mwenye mtindo, akabeba magogo yake, akasugua msasa miezi mingi, mpaka aliporuhusiwa kushika tezo. Huo ndio uliokuwa usaili wao wa kazi.

Vita ya ukombozi ya Msumbiji iliongeza mafuta. Baada ya mauaji ya Mueda ya tarehe 16 Juni 1960, kuundwa kwa chama cha ukombozi cha FRELIMO Dar es Salaam mwaka 1962 na risasi za kwanza za Septemba 1964, wakimbizi walimiminika mkoa wa Mtwara. FRELIMO yenyewe iliunda vyama vya ushirika vya wachongaji na kuuza vinyago vyao kupitia Tanzania ili kusaidia mapambano. Kwa maana hiyo, tezo nayo ilipigana.

Pasipo kumtaja George Lilanga, historia hii ingekuwa na pengo kubwa. Alizaliwa mwaka 1934 kusini mwa Tanganyika, katika familia ya Kimakonde, na alianza kuchonga utotoni kwa mizizi ya muhogo, ambayo ni laini na haina gharama. Kwa mtoto, muhogo ulikuwa daftari la mazoezi. Baadaye akahamia kwenye miti laini, kisha migumu. Kwa miaka mingi alikuwa mkulima anayechonga kama baba zake walivyokuwa. Watu waliofanya kazi na wakimbizi kusini walipoanza kununua vitu vyake, aliona mlango. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, akiwa amekaribia umri wa miaka 40, alifunga mizigo akaenda Dar es Salaam.

Huko kulikuwa na Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1972 kwa juhudi za Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll, na mjomba wake Lilanga, Augustino Malaba, alikuwa miongoni mwa mafundi wa pale. Mjomba ndiye aliyemwingiza, na Lilanga alianza kama mlinzi. Umri wa miaka 40 ndio ambao wengi husema wakati umepita. Yeye ndio kwanza alikuwa anaingia kazini. Pale alikuta batiki, wino, ngozi za mbuzi, rangi na watu wa kumwonyesha. Akavitumia vyote. Mashetani wa mpingo wakapata rangi: waridi, kijani, bluu, midomo minene na masikio marefu, wakicheka, wakilewa, wakimpeleka mgonjwa hospitali, wakigombania daladala. Kazi zake zilionyeshwa Washington mwaka 1978, na baada ya hapo Ulaya na Japani. Kisukari kilimkata miguu, lakini aliendelea kufanya kazi akisaidiwa na jamaa na wanafunzi wake, mpaka alipofariki Dar es Salaam mwezi Juni 2005. Waliofuata nyayo zake bado wapo.

Njia hiyo hakuipita peke yake. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, jirani wa magharibi, naye alipitia mashamba ya mkonge, ya Tanga kwa upande wake, kabla ya kuanza kupaka rangi ya baiskeli kwenye mbao za dari mwaka 1968. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka minne tu ya uchoraji, lakini ndugu na majirani zake wa Nakapanya walikuwa wamekwisha kujifunza kwake, na wakaunda chama chao. Ukiziweka hadithi hizi mbili pamoja unaona kusini ilivyokuwa ikifanya: ilikuza mikono, kisha ikaiuza Dar es Salaam.

Kenya ilipata sehemu yake ya uchongaji mapema zaidi. Mutisya Munge wa Wamunyu, Ukambani, alipelekwa Tanganyika katika vita vya kwanza vya dunia, na akiwa huko alijifunza kuchonga. Wengine husema kwa Wazaramo, wengine husema kwa Wamakonde. Alirudi nyumbani akafundisha, na Wakamba wakajenga biashara iliyoishia kuwa na ushirika mkubwa Changamwe, Mombasa. Lakini huko walichagua njia nyingine: twiga, faru, vijiko vya saladi, maelfu kwa maelfu, kila mtu na kipande chake cha kazi. Njia hiyo ililisha familia nyingi na haifai kudharauliwa. Ila mnunuzi wa twiga hakuwahi kuuliza twiga huyo ni wa nani.

Ugonjwa huo uliwafikia Wamakonde pia. Watalii walipoongezeka, duka lilihitaji vinyago mia vinavyofanana, na vijana wengi walijifunza kuchonga ujamaa mmoja wa ukubwa mmoja kwa bei ya kipande. Mpingo ulipopanda bei, mbao nyingine zikapakwa kiwi nyeusi ya viatu na kuuzwa kama mpingo. Kitambaa chenye maji kidogo kinatosha kuugundua udanganyifu huo. Mti wenyewe unakua polepole mno, kwa miongo mingi kabla haujafaa, na wachongaji wanaugombea na watengenezaji wa ala za muziki wa Ulaya, maana zumari nyingi nzuri za orkesta zinatokana na mpingo. Vijiji vya Kilwa vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi mwema wa misitu, na magogo yao yakaanza kuuzwa kwa bei iliyozidi sana ile waliyozoea. Hapo kuna somo la uchumi kwa wilaya za kusini zaidi, ambako mpingo bado upo na bado unaondoka kwa bei ya kutupa.

Thamani ya kinyago cha kale, kwa upande wake, ilijulikana zaidi na wezi. Mwaka 1984 vitu kadhaa viliibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, na miongoni mwake kulikuwa na lipiko. Mwaka uliofuata lilinunuliwa Paris na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva. Mazungumzo ya kulirudisha yalichukua miaka kama ishirini, na mkataba ulitiwa saini Mei 2010. Lilirudi likiwa na hati zote zinazotakiwa: lilikotoka, lilikopita, nani alimuuzia nani. Hati moja tu haikuwepo, kwa kuwa haikuwahi kuandikwa: ya aliyelichonga.

Mtwara yenyewe je? Kwa muda mrefu ilikuwa mbali. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Rufiji ilivukwa kwa kivuko, na masika ikifika barabara ilikatika. Fundi aliyebaki kusini alibaki bila mnunuzi. Aliyetaka kuishi kwa kuchonga aliondoka. Leo lami ipo, Daraja la Umoja linavusha watu Ruvuma tangu mwaka 2010, gesi ya Mnazi Bay inazalisha umeme, na hifadhi ya bahari ya Mnazi Bay na mdomo wa Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, inavuta wapiga mbizi wachache wanaojua kutafuta. Boma la Wajerumani la Mikindani, lililojengwa mwaka 1895, limekarabatiwa na kuwa hoteli. Mjini Mtwara shirika la ADEA limefanya kazi na wachongaji na mafundi wengine wa huko, na tamasha la Makuya, la ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao, limewapa wachezaji wa mapiko jukwaa lisilokuwa la jando. Wapo wazee wanaonung'unika kwamba lipiko linalochezwa mchana kweupe mbele ya wanawake na kamera si lipiko tena. Wana hoja. Lakini hata binadamu wa mpingo na shetani wa Peera vililaumiwa hivyohivyo, na ndivyo vilivyomfanya mwana wa mkulima apate kuchonga mvua na jua.

Kijana wa Newala au Msimbati anayeshika tezo leo anakuta vitu viwili ambavyo Samaki hakuwa navyo: simu yenye kamera na wanunuzi wasiohitaji kupitia duka lolote. Anakosa vitu viwili ambavyo Samaki alikuwa navyo: mpingo wa bei ya chini, na mtu wa kumwambia lete hicho cha ajabu. Cha kwanza kinaweza kupandwa, na halmashauri za wilaya zenye mapato ya korosho zinaweza kuanza msimu huu kwa kuwapa shule miche na uzio. Cha pili kiko mikononi mwa wanunuzi. Kwa hiyo, msomaji, ukipita soko la vinyago la Mwenge, Dar es Salaam, au kwenye kibanda kingine chochote cha vinyago, usianze na bei. Uliza nani alichonga, anatoka kijiji gani, alijifunza kwa nani. Muuzaji akijua, mwambie aandike jina chini ya kinyago kabla hujalipa. Asipojua, nenda kibanda kinachofuata.